Siku Tatu Kando ya Ziwa



Katika nchi yetu, ukiwaona mume na mke wamepanda pikipiki moja, wamevaa nguo safi na kushika mfuko mmoja, utauliza mara: “Nani amekufa?” Ndivyo tulivyozoea. Mume na mke husafiri pamoja wakienda kwenye kilio, au arusi ya ndugu, au hospitali. Wakisafiri kwa ajili yao wawili tu, watu hushangaa, na wengine hucheka. Leo twataka kusema juu ya jambo hilo, maana twaona ya kuwa nyumba nyingi za Kikristu zimeumia kwa sababu yake.

Rafiki yetu mmoja ni mwalimu wa Uvira. Tutamwita Baba Mapacha, kwa kuwa Mungu alimjalia mapacha. Jina lake tumeliacha kwa heshima ya nyumba yake, naye ametupa ruhusa kusimulia habari hii. Ilipotokea, mwaka 2024, yeye na Mama Mapacha walikuwa wametimiza miaka 12 ya ndoa takatifu, nao walikuwa na watoto 6. Mama ni mchuuzi wa ndagala. Kila siku huamka saa kumi ya alfajiri, akashuka bandarini Kalundu kununua kwa wavuvi wanaotoka ziwani, kisha huanika na kuuza sokoni. Baba hufundisha shuleni asubuhi, na alasiri hufundisha tena watoto wa watu majumbani, apate fedha ya kuongeza. Jioni wote wawili wamechoka. Mazungumzo yao yalikuwa ya namna moja tu: mchele umekwisha, mtoto amerudishwa kutoka shule, bati linavuja.

Siku moja jamaa yao anayekaa Marekani aliwapelekea picha kwa simu. Yeye na mkewe walikuwa wamekwenda kupumzika Jamaica, kisiwa cha bahari ya Karibi. Palikuwa na mchanga mweupe, maji ya buluu, minazi, na wao wawili wameketi wakizungumza. Mama Mapacha alizitazama picha hizo muda mrefu bila kusema neno. Mumewe akacheka, akamwambia: “Mama Mapacha, usijisumbue. Hayo ni mambo ya matajiri. Mshahara wangu hautufikishi hata Bujumbura.” Mkewe akamrudishia simu, akajibu kwa sauti ya chini: “Baba Mapacha, si mchanga ninaoutazama. Ninatazama jinsi mwanamume huyu anavyomsikiliza mke wake.”

Baba Mapacha alikuja kwetu akinung’unika. Nasi, yatupasa kukiri, tulicheka pamoja naye. Tulisema kwamba simu zimewaharibu wanawake. Lakini usiku, tulipokuwa katika sala ya jioni pamoja na watu wa nyumbani, maneno ya mama yule yalirudi moyoni mwetu yakatuchoma. Tulijiuliza: Ni lini mara ya mwisho tulipomsikiliza mama wa nyumba yetu mpaka akamaliza? Hatukupata jibu. Kesho yake tulimtafuta mwalimu yule, tukamwomba radhi kwa kicheko chetu, tukamwambia: “Ndugu, Jamaica ni mbali, lakini ziwa liko mlangoni pako.”

Je, ni Anasa?

Wakristu wengine hudhani kwamba mapumziko ya mume na mke ni desturi ya kigeni, tena ya watu wenye mali. Na wafungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mstari wa 5. Hapo sheria ya Musa yaagiza kwamba mwanamume aliyeoa karibuni asipelekwe vitani wala asitwishwe kazi nyingine, bali akae nyumbani mwaka mzima, apate kumfurahisha mke wake. Angalieni vema. Sheria hiyo haikutolewa kwa watu waliostarehe. Ilitolewa kwa taifa lililokuwa likingali safarini, lenye adui mbele na nyuma. Hata hivyo Mungu hakuona ya kuwa furaha ya mume na mke ni jambo la kungojea mpaka amani ifike.

Jirani zetu wa pwani ya bahari ya Hindi wanalo neno fungate, yaani siku 7 za bwana na bibi arusi, ambazo watu huwaacha wakae pamoja bila kazi. Tena Injili ya Marko, katika sura ya 6, yatueleza jinsi Bwana wetu Yezu alivyowaona mitume wamechoka, hata nafasi ya kula hawana kwa wingi wa watu, akawaita waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Nao walikwenda kwa mashua, katika ziwa. Basi, asiseme mtu kwamba kupumzika kando ya maji ni jambo lisilowahusu Wakristu.

Safari Yenyewe

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 23 Agosti 2024. Uvira ilikuwa ingali katika furaha, maana Jumapili iliyotangulia, tarehe 18, Kardinali Fridolin Ambongo alikuwa amewatangaza kuwa Wenye Heri mashahidi wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin, wote watatu Wasaveriani, pamoja na Abbé Albert Joubert. Mama yake Baba Mapacha alikuwa amefika mjini kwa sikukuu hiyo. Akaombwa abaki na wajukuu siku tatu. Alikubali, ingawa aliuliza mara mbili kama hakuna ugomvi.

Walikwenda kwa shangazi ya mke, mjane anayekaa katika kijiji kimoja kusini ya Kalundu, karibu na maji. Shangazi alipofungua mlango na kuwaona wawili bila watoto, alishika kichwa, akalia: “Wanangu, nani ametutoka?” Walipomweleza sababu ya safari alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akanyamaza, akasema: “Mimi na marehemu tuliishi miaka mingi, hatukupata hata siku moja ya namna hii. Kaeni, baba na mama. Kuku nitachinja mimi.”

Msidhani walikuta mchanga wa picha. Mwaka ule maji ya Tanganyika yalikuwa yamepanda sana, kama yalivyopanda mwaka 1964. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, ndio mto Lukuga penye Kalemie. Kwa hiyo mvua zikizidi, ziwa hujaa upesi na kupungua polepole. Miembe ilikuwa imesimama ndani ya maji, na nyumba za pwani zilikuwa zimeachwa wazi, mawimbi yakiingia mlangoni. Ufuko uliobaki ulikuwa ukanda mwembamba wa changarawe. Wawili hao waliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Tena kwetu jua halizami majini kama katika picha nyingi za watalii. Hutuacha mapema, likajificha nyuma ya milima ya Mitumba. Anayetaka kuona jua na maji pamoja sharti aamke alfajiri, alitazame likitoka nyuma ya milima ya Burundi.

Siku ya kwanza hawakuwa na la kusema. Baba alishika simu yake. Mama alifua nguo za shangazi ambazo hazikuwa chafu. Watu waliozoea kusemezana habari za mchele, ukiwaondolea mchele, hunyamaza. Baba Mapacha alituambia baadaye kwamba saa ile alitaka kurudi Uvira, na aibu peke yake ndiyo iliyomzuia.

Jumamosi usiku waliketi tena juu ya mtumbwi ule. Wavuvi walikuwa wametoka, na taa zao zilienea juu ya maji kama mji wa pili, mbele ya taa za Bujumbura ng’ambo. Baba akauliza, kwa kutafuta neno tu: “Mama Mapacha, katika miaka hii 12, ni siku gani iliyokuumiza kuliko zote?” Alidhani atatajiwa siku ya kufiwa na mama yake. Mkewe akakaa kimya kitambo, akajibu: “Siku ya mafuriko. Si kwa sababu ya nyumba. Ni kwa sababu hukuniuliza nilichopoteza.”

Watu wa Uvira hawana haja ya kukumbushwa katikati ya Aprili 2020, mvua kubwa iliponyesha milimani, na mto Mulongwe ukashuka na matope na mawe, ukaua watu wengi na kubomoa maelfu ya nyumba. Nyumba ya Baba Mapacha ilikuwa mojawapo. Usiku ule mama alimfunga kitinda mimba mgongoni, akawashika mapacha mikono, akakimbia. Chini ya kitanda aliacha kopo. Ndani yake mlikuwa fedha za likelemba, akiba ya wachuuzi wenzake, maana zamu ya kuitunza ilikuwa yake. Maji yakachukua kopo. Kesho yake mumewe alikuwa akilia mbele ya kuta zilizoanguka, naye hakupata moyo wa kumwongezea msiba. Akaenda kwa wenzake peke yake, akaahidi kulipa. Tangu siku hiyo alikuwa akilipa kidogo kidogo, kwa miaka minne, bila kumwambia mtu. Ndiyo sababu ya kuamka mapema kupita wengine. Ndiyo sababu ya ukali wake kila mtoto alipoomba daftari.

Na mume je? Mume alikuwa ameona zamani kwamba biashara ya mkewe haina faida. Alijiambia moyoni: “Fedha zinakwenda kwa ndugu zake.” Hakuuliza. Akaanza naye kuficha sehemu ya mshahara. Hata mwezi wa Juni mwaka ule alikuwa amefikiri kumrudisha mkewe kwao. Hayo hakupata kutuambia sisi, wala padri.

Mto Unaingia au Unatoka?

Wanafunzi wetu wamesoma shuleni habari za mto Ruzizi. Zamani wataalamu wa Ulaya walishindana kwa maneno mengi: Je, mto huo unaingia katika Tanganyika, au unatoka? Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira, lakini hawakufika mlangoni pa mto. Wakarudi na habari walizoambiwa. Mabishano yakaendelea miaka mingi. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji, wakaja mpaka mwisho wa ziwa, wakaona kwa macho yao kwamba Ruzizi unaingia. Wenyeji wa pwani walikuwa wakilijua jambo hilo sikuzote. Iliyokosekana ni safari fupi tu ya kwenda kuona.

Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi. Mume hushindana moyoni mwake miaka minne: Fedha zinaingia au zinatoka? Mke ananipenda au amenichoka? Naye mwenye kujua jibu amelala ubavuni pake kila usiku. Hakuna anayepanda mtumbwi.

Hatusemi kwamba siku tatu zilimaliza yote. Jumapili walisikia Misa pamoja katika kanisa dogo la kijiji, wakarudi nyumbani wakiwa na deni lile lile. Lakini tangu hapo lilikuwa deni la watu wawili. Baba alileta mezani fedha alizozificha. Mama alikasirika sana alipoziona, na juma zima hakusema naye vema. Kisha wakakaa, wakahesabu. Gharama yote ya safari, pikipiki na chakula, haikuzidi bei ya makasha mawili ya bia. Nasi sote twajua ni makasha mangapi hunywewa katika arusi moja.

Watakatifu Wenye Kazi na Watoto

Labda msomaji atasema kwamba watakatifu hawakuwa na mambo haya. Tarehe 18 Oktoba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza Louis Martin na Zélie, mkewe, kuwa watakatifu siku moja, wote wawili pamoja. Ndio wazazi wa Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu. Walioana mwaka 1858 katika mji wa Alençon, Ufaransa. Louis alikuwa fundi wa saa. Zélie alikuwa na biashara ya kutengeneza lesi, yenye wafanyakazi, na ilimchosha kama ndagala zinavyowachosha mama zetu. Walizaa watoto 9, wakazika 4. Louis alipenda kuvua samaki. Walipotengana kwa safari, Zélie alimwandikia mumewe barua zenye upendo mwingi, bila kuona haya. Hao ndio ambao Eklezia imewaweka juu ya altare. Utakatifu wao haukupungua kwa kupendana waziwazi.

Mashauri Machache

Wazazi wanaotaka kujaribu, wasikie mashauri haya.

Kwanza, msitafute mbali. Ziwa hili ni la pili duniani kwa kina, na maji yake hayalipiwi. Tena msihusudu picha za visiwa. Watu wengi wa Karibi ni wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani, na mama anayetandika kitanda cha wageni hotelini huenda hajapumzika mwaka mzima na mume wake.

Pili, chagueni majira. Ndagala hufuata mwanga. Kwa hiyo mbalamwezi ikijaa, taa za wavuvi hazina nguvu, nao hukaa nyumbani siku kadhaa. Ziwa lenyewe huwapa mapumziko kila mwezi, na wengi huyamalizia kilabuni. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wa Tanganyika tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwa mapatano ya nchi nne za ziwa, ili samaki wapate kuzaana. Ikiwa samaki wahitaji miezi mitatu ili wasiishe, je, ndoa haihitaji siku tatu?

Tatu, angalieni afya na usalama. Chemsheni maji ya kunywa, maana kipindupindu ni adui wa siku nyingi hapa Uvira. Msioge penye matete wala karibu na midomo ya mito, hasa Ruzizi. Huko kuna viboko na mamba. Penye maji yaliyotulia na majani mna hatari ya kichocho.

Nne, simu ifungwe. Na neno la kwanza lisiwe fedha, wala watoto. Ulizaneni juu ya siku iliyowaumiza na siku iliyowafurahisha. Anayeuliza angoje jibu mpaka mwisho, hata likimchoma.

Tano, salini pamoja. Tobia na Sara, kabla ya mambo mengine yote, walisimama wakamwomba Mungu.

Nanyi majirani, na hasa wakwe, tafadhali msicheke. Mama anayechukua wajukuu siku tatu amefanya kazi kubwa kuliko anayeketi kuamua kesi ya mwanawe miaka mitatu.

Kwa wanafunzi tuna neno fupi. Msilifanye somo hili kuwa ruhusa ya kwenda ufukoni wawili wawili. Siku tatu hizi ni za watu waliokwisha ahidiana mbele ya altare. Ninyi jifunzeni sasa kusikiliza, maana asiyemsikiliza dada yake nyumbani hatamsikiliza mke wake kesho.

Barua Kutoka Ng’ambo

Wengine watatuambia: “Mwalimu, nchi ina vita, nanyi mwatufundisha kupumzika?” Twajua. Mwezi wa Desemba 2025 vita viliingia Uvira, na watu maelfu walivuka mpaka kwenda Burundi, wakiwa na godoro kichwani na mtoto mkononi. Baba na Mama Mapacha walikuwa kati yao. Siku chache baadaye tulipata barua yake. Hakulalamika sana. Aliandika juu ya watoto, juu ya mvua, na juu ya chakula kilivyo haba. Mwishoni aliongeza maneno machache, nasi tumeona vema kumaliza nayo:

“Tulipofika penye kivuko, mama alinipa kopo. Akaniambia: Hii ni akiba ya wenzangu, zamu ni yangu tena, nimetaka ujue iko wapi. Nililibeba mimi. Ndugu, bila siku zile tatu, nadhani tungalikimbia kila mtu na njia yake.”

Wapendwa, ziwa liko mlangoni. Mungu azilinde nyumba zenu, na Mama Bikira Maria awaombee wote walio ng’ambo warudi kwa amani. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya bibi na babu wanaolea wajukuu.